Maswali yenu kuhusu Narsinh Mehta

Barua zimekuwa nyingi tangu nilipomtaja Narsinh Mehta, mshairi wa Kigujarati wa karne ya 15 aliyemwimbia mungu Krishna kule Junagadh, magharibi mwa India. Leo najibu chache.

Ule wimbo wa Gandhi, "Vaishnav jan to", aliutunga akiwa jela au Afrika Kusini?

Hakuutunga popote. Nimeulizwa hili mara nyingi mno, na kila mara najua kwamba muulizaji hajausikiliza wimbo mpaka mwisho. Mstari wa kufungia unaanza "Bhane Narsaiyo", yaani "Narsaiyo asema". Ndilo jina la mtunzi, Narsinh mwenyewe, limetiwa kwenye kaditama kama malenga wetu wanavyofanya. Gandhi, mzaliwa wa Porbandar, si mbali na Junagadh, aliukuta wimbo umeshaimbwa karne kwa karne, akaupenda, akauingiza katika sala zake. Tumshukuru kwa kuueneza. Lakini zile picha za kwenye simu zenye uso wa Gandhi na beti hizi chini yake, tafadhali msizisambaze.

Alizaliwa mwaka gani hasa?

Mapokeo yanasema 1414, huko Talaja. Wataalamu wanabishana, maana nyimbo zake zilirithiwa kwa mdomo muda mrefu kabla ya kuandikwa. Ukisema karne ya 15 hujakosea.

Ni kweli Mirabai alikuwa mkewe?

Si kweli. Mirabai alikuwa binti wa kifalme wa Rajasthan, karne ya 16. Mke wa Narsinh aliitwa Manekbai.

Kwa nini Wabrahmini wenzake walimkataa, na yeye alikuwa Mbrahmini?

Hapa ndipo ninapotaka tukae, kwa sababu wengi wanaoimba wimbo wake hawajui ulimgharimu nini.

Narsinh alikuwa Mnagar, kundi lenye elimu na vyeo miongoni mwa Wabrahmini, tabaka la juu kabisa la Wahindu. Yeye mwenyewe anasimulia katika wimbo kwamba alikuwa akienda kuoga kwenye bwawa la Damodar, chini ya mlima Girnar. Watu wa tabaka lililohesabiwa najisi, ambao Mnagar hakutakiwa hata kuwagusa, wakamwangukia miguuni: njoo kwetu utuimbie. Akakubali. Akawaambia wasafishe mahali na wapande mrehani mtakatifu wa tulsi, akaenda, akaimba nao usiku kucha mpaka kukapambazuka.

Asubuhi anarudi nyumbani, matoazi na ngoma vinalia, na Wanagar wanampigia makofi ya kejeli: hizi ndizo tabia za Mbrahmini? Anasema alinyamaza. Kisha akatunga jibu: ndivyo tulivyo, ndivyo hasa mnavyosema, na mkituita tulionajisika kwa ajili ya ibada, basi tutazidi kumtumikia Damodar, yaani Krishna. Na akasema kwamba anayewabagua watu wa Hari, yaani watu wa Mungu, maisha yake yamekwenda bure.

Sasa rudini kwenye "Vaishnav jan to". Mstari wa kwanza unasema mfuasi wa kweli wa Vishnu, mungu ambaye Krishna ni umbo lake, ni yule ajuaye maumivu ya mwenzake. Aliyeyasema haya alikwenda kukaa uani kwa watu waliotengwa, na watu wa tabaka lake wakamcheka njiani. Mtu akiuimba kwa sauti tamu ukumbini huku nyumbani kwake mfanyakazi ana kikombe chake cha pembeni, anamdhulumu Narsinh.

Nyongeza ambayo hamkuuliza: neno "Harijan", watu wa Hari, Gandhi alilichukua kutoka kwa Narsinh, akaliandika kwa maana ya waliotengwa wote. Nia ilikuwa njema, lakini wengi wa watu hao wenyewe wamelikataa, wanasema Dalit. Nanyi semeni Dalit. Mwenye jina ndiye anayejua linavyomuuma.

Kisa cha hundi kina uhusiano na neno letu la Kiswahili?

Swali zuri. Ni neno lile lile, limevuka bahari na wafanyabiashara wa Kihindi. Mahujaji waendao Dwarka, mji mtakatifu wa Krishna, waliogopa wezi njiani, wakatafuta wa kuwaandikia hundi. Watu wenye kejeli wakawaelekeza kwa Narsinh, ambaye hakuwa na kitu. Akapokea rupia 700, akaandika hundi kwa tajiri Shamalsha wa Dwarka, fedha akazitumia kuwalisha watawa. Dwarka hakukuwa na tajiri huyo. Kisa kinasema Krishna mwenyewe alitokea amevaa kama mfanyabiashara, akailipa. Mshairi wa Kigujarati Premanand alikiandika kisa hiki vizuri mno katika karne ya 17. Msiniulize risiti. Wagujarati wanakipenda kwa sababu maskini aliandika hundi kwa jina la Mungu na haikurudi.

Nianzie wimbo gani, kama sijui Kigujarati?

Anzia na parbhatiya, nyimbo zake za alfajiri, na uzisikilize saa hiyo hiyo, si mchana kwenye foleni ya magari. "Jaag ne Jadava" ni wa kumwamsha Krishna, mchunga ng'ombe: amka, bila wewe nani atakwenda na ng'ombe? Wachungaji 360 wamekwisha kukusanyika, wanamngoja yeye.