Binti, Anza na Kiti, Injini Itasubiri

Wiki iliyopita mama mmoja anayeishi Des Moines, jimbo la Iowa, ametuletea ujumbe. Binti yake ana miaka 14. Alikwenda na wenzake wa shule kutazama mbio za magari katika uwanja wa Knoxville, huko huko Iowa, na tangu siku hiyo nyumbani hakukaliki: anataka kuendesha gari la sprinti. Mama anauliza mambo mawili. Msichana mwembamba na mfupi anaweza kulimudu gari lile? Na wanunue injini ya ukubwa gani?

La kwanza jibu lake ni fupi: anaweza. La pili limekuja mapema mno, na karibu kila familia inayoingia katika mchezo huu huanzia hapo hapo. Pesa yote inaishia kwenye injini, kisha mtoto anakalishwa kwenye kiti kilichotengenezewa mwanaume wa kilo 85.

Kwa asiyelijua gari lenyewe: sprinti ya 410 ina injini ya V8 yenye inchi za ujazo 410, takriban lita 6.7. Inakunywa methanoli na kutoa nguvu za farasi zipatazo 900. Ukipima gari pamoja na dereva wake, unapata kama pauni 1,400, yaani kilo 635 hivi. Juu lina bawa la futi 5 kwa 5 linaloligandamiza ardhini, na puani lina lingine dogo. Halina klachi, halina giaboksi, halina stata. Njia ni udongo wa mfinyanzi uliomwagiwa maji na kushindiliwa. Mzunguko wa Knoxville ni nusu maili, na gari zuri huumaliza kwa sekunde 15 au 16.

Sasa kiti. Chukueni vipimo binti akiwa amevaa ovaroli yake ya mbio na kifaa cha kukinga shingo, kamwe msivichukue juu ya jinzi na fulana. Upana hupimwa kwenye nyonga, akiwa ameketi, mgongo umegusa ukuta. Wasichana wengi nyonga zao ni pana kuliko mbavu, kwa hiyo kiti kinachoenea nyonga kinabaki kimepwaya kifuani. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanaziba pengo kwa sponji laini la godoro. Sponji linabonyea gari likigonga ukuta, mwili unapata nafasi ya kukimbia, na mbavu ndizo zinazolipa. Dawa yake ni kumimina kiti cha mwili wake mwenyewe. Kuna mfuko wa chembe ndogo za povu unaochanganywa na gundi maalumu. Unautandika ndani ya kiti cha alumini, dereva anakalia, anatulia kama sanamu hadi gundi ishike. Mfuko utapata joto, asishtuke. Akicheza kabla haujakauka, umeharibika, na hauyeyushwi tena. Ukifanikiwa, kidole kimoja kitapita kwa taabu kati ya ubavu na kiti.

Mkiwa hapo hapo, tazameni pedeli. Mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, goti lazima libaki limekunjika kidogo. Kama anainua nyonga kutafuta pedeli, isogezeni pedeli na kiti mkiache mahali pake, maana kiti kimefungwa kulingana na mikanda na kizimba cha mabomba kinachomzunguka dereva. Pedeli ya mafuta ya sprinti ina kitanzi cha juu ambamo ncha ya kiatu inaingia. Hicho si cha urembo. Udongo ukikwamisha pedeli mafuta yakiwa wazi, dereva huivuta pedeli nyuma kwa vidole vya mguu. Mguu mdogo ndani ya kitanzi kikubwa unateleza na kutoka, kwa hiyo kikunjeni kifuate kiatu chake. Afanye mazoezi gari likiwa limezimwa: vuta pedeli, zima swichi, funga mafuta. Mara 20 kila siku mpaka mkono uende bila kuulizwa.

Mikanda. Wa kiunoni ukae chini, juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni. Ya mabegani itoke nyuma ikiwa sawa na usawa wa bega au chini yake kidogo tu. Kwa dereva mfupi, kiti kikishushwa ovyo mikanda ya mabega inaning'inia hewani, na kikipandishwa mno inamvuta uti wa mgongo kwenda chini. Funga wa kiunoni kwanza na uubane, kisha ile ya kati ya miguu, mwisho mabega. Wengi huanza na mabega, wakivuta wa kiunoni unapanda tumboni, na hawajui. Kila mkanda una lebo ya SFI, taasisi inayoweka viwango vya vifaa vya mbio, yenye tarehe. Baada ya miaka 2 unatupwa hata kama unang'aa. Mkanda wa bei ya kutupa mtandaoni mara nyingi ni uliopitwa na tarehe.

Nywele zinahitaji kusemwa wazi, kwa sababu mafundi wa piti, eneo la kutengenezea magari uwanjani, hawatakwambia. Helmeti ipimwe juu ya mtindo atakaoendeshea. Ukimpimia akiwa na nywele fupi kisha akasuka rasta nene, helmeti itakaa juu juu kama kapu; akizifumua, itacheza. Twende kilioni ndiyo mtindo unaofaa kuliko yote: imelala, haina fundo nyuma ya kichwa, na mkia unaingia ndani ya ovaroli. Nywele za bandia za plastiki aziache kabisa msimu wa mbio, zikishika moto zinayeyuka na kuganda kwenye ngozi. Kwa sababu hiyo hiyo nguo za ndani ziwe za pamba safi au Nomex, kitambaa kinachohimili moto; sidiria za michezo za nailoni na zenye waya wa chuma zibaki nyumbani. Binti anayejisitiri hana la kuhofia, balaklava ya Nomex inafunika nywele zote na shingo, na madereva wengi wanaivaa. Helmeti yenyewe iwe na alama ya Snell SA, ya helmeti za mbio za magari, maana za pikipiki hazina bitana la kuhimili moto. Ishike kidevuni uitikise: ngozi ya paji la uso isogee pamoja nayo. Kama helmeti inazunguka na ngozi imebaki, ni kubwa.

Na huo moto wa methanoli mama aujue. Mchana hauonekani. Hauna moshi mweusi wala mwali mwekundu. Unachoona ni dereva anayejipiga mikono na hewa inayotetemeka juu ya gari. Maji huuzima vizuri, kwa hiyo ndoo za maji zikae karibu wakati wote wa kujaza mafuta, na anayejaza avae miwani na glavu, kwani methanoli ni sumu inayopenya ngozini.

Kuhusu uzito, watu huwaambia wasichana kwamba wepesi wao ni ushindi wa bure. Madarasa mengi ya mbio hupima gari na dereva kwa pamoja, hivyo aliye mwepesi anaongezewa vipande vya risasi hadi afikie kima. Faida yake ipo kwenye kuchagua: kilo 25 za risasi unaweza kuzifunga pale gari linapozihitaji, kilo 25 za nyama zinakaa kitini tu. Vipande hivyo vifungwe kwa bolti kwenye fremu, vipakwe rangi nyeupe na kuandikwa namba ya gari. Kipande kikichomoka kwa kasi ile ni risasi kweli kweli.

Basi aanze na gari gani? Kwa miaka 14, kwota mijeti, vigari vidogo vya mbio vya watoto, vinakaribia kumpita, maana vinaanzia miaka 5 na kuishia 16. Mtafutieni maikro sprinti, yaani sprinti ndogo, yenye injini ya pikipiki ya 600cc, na kama uwanja una darasa lenye kizuizi kwenye njia ya hewa, aanzie humo. Inatumia mnyororo, ina klachi na gia za pikipiki, na vipuri vyake vinapatikana kwa bei ambayo familia ya kawaida inaweza kuvumilia. Someni kanuni za umri za uwanja wenu kabla ya kununua hata nati moja. Injini ya 410 ni makumi ya maelfu ya dola, na hushushwa ikarabatiwe kila baada ya mbio chache. Mizunguko 1,000 ya maikro itamfundisha zaidi ya mizunguko 50 ya gari analoliogopa.

Wanawake waliofika mbali walipita njia hiyo ya vigari vidogo. Cheryl Glass, Mmarekani mweusi kutoka Seattle, alianza na kwota mijeti akiwa na miaka 9, na alipofika 18 alikuwa kwenye sprinti za uwanja wa Skagit, jimbo la Washington. Erin Crocker naye alianzia kwenye kwota mijeti. Mwaka 2003 akawa mwanamke wa kwanza kufuzu Knoxville Nationals, mbio kubwa za sprinti za kila mwaka, na 2004 wa kwanza kushinda mbio za World of Outlaws, msururu mkuu wa sprinti Marekani, tena akiwa na shahada ya uhandisi mkononi. McKenna Haase, wa pande hizo hizo za Des Moines, alishinda mbio za darasa la injini ya inchi za ujazo 305 pale Knoxville mwaka 2015, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za sprinti katika uwanja huo. Kaylee Bryson aliingia fainali ya Chili Bowl 2021, mbio kubwa za mijeti (magari madogo kuliko sprinti) zinazofanyika ndani ya ukumbi, hajawahi mwanamke kabla yake. Jade Avedisian alichukua ubingwa wa msururu wa mijeti wa Xtreme Outlaw mwaka 2023 akiwa bado na umri wa kwenda shule. Binti ayajue majina haya, ili siku akiambiwa yupo kwa ajili ya picha za wadhamini asipate shida ya kujibu.

Kazi ya spana aifanye mwenyewe. Baba au kaka asimmalizie. Baada ya kila usiku gari linaoshwa lote, na matope ya ndani ya rimu yanakwanguliwa, kwa maana bonge lililokauka upande mmoja linatetemesha gari hadi dereva anadhani ekseli imepinda. Methanoli inakula alumini na mipira, kwa hiyo mfumo wa mafuta unasafishwa kwa kupitisha mafuta ya kulainisha au petroli kidogo. Pia inapenya hadi kwenye oili. Ukiona oili imekuwa kama chai ya maziwa, imwage usiku huo huo. Kila bolti ikazwe na kuwekwa mstari wa rangi, nusu kwenye nati nusu kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka, hata bila kuishika unaona.

Tairi ndizo zitakazomchanganya mwanzoni. Ya kulia nyuma ina mzingo mkubwa kuliko ya kushoto, na tofauti hiyo ndiyo inayolifanya gari lenyewe litake kukata kushoto. Tofauti kubwa inasaidia kona kali. Njia ikikauka na kuteleza, punguza ili gari lisukume mbele likitoka konani. Apime kwa tepu kila mara anapojaza upepo, kwani psi 1 tu inabadilisha mzingo. Aandike daftarini: hali ya udongo, upepo, mzingo, meno ya sproketi. Dereva asiye na daftari anaanza upya kila Jumamosi.

Akishafika kwenye sprinti yenyewe, kitu cha kwanza cha kujifunza ni kuliwasha. Tuliokulia kwenye daladala tunajua kusukuma gari likawaka, ila hapa hakuna klachi ya kuachia. Injini inaunganishwa na magurudumu gari likiwa limesimama, mafuta na swichi vikiwa vimefungwa. Gari la kusukuma linagusa nyuma, linakwenda. Macho yake yawe kwenye geji ya oili. Shinikizo likipanda ndipo anafungua mafuta na kuwasha swichi. Akifungua mafuta angali amesimama, methanoli inajaa kwenye silinda, pistoni inakutana na kimiminika kisichobanika, na koneti rodi inapinda kabla hata mbio hazijaanza. Akizima, afunge mafuta kwanza, injini iyamalize yaliyomo.

Njiani, plastiki za kuvua juu ya kioo cha helmeti azivue kwenye mnyoofu tu, moja moja, na ahesabu zilizobaki. Wageni huvua tatu kwa mpigo kwa hofu ya tope la mizunguko ya kwanza, kisha wanamaliza mbio vipofu.

Gari litapinduka, mama, tusidanganyane. Likianza kuruka, aachie usukani, maana tairi ikigonga usukani unazunguka na kuvunja kidole gumba. Mikono aibane kifuani kwenye mikanda, ambako vizuizi vya mikono, yaani kamba zinazoifunga kwenye mikanda, vitaishikilia. Likitulia: swichi, mafuta, kisha abaki ndani hadi waokoaji wafike, isipokuwa kuna moto. Mwaka 2014 huko Canandaigua, New York, kijana wa miaka 20 alishuka garini baada ya kugonga ukuta, akaenda kwa miguu njiani kwa hasira, na gari jingine likamuua. Kisha akisema kichwa kinauma, taa zinamchoma macho au hakumbuki kona ya mwisho, usiku umekwisha, hata kama gari ni zima na fainali bado. Wasichana wengi huficha maumivu hayo wasije wakaonekana dhaifu mbele ya wavulana. Mama, hapo usimuulize yeye, muulize daktari.

Viwanja vingi huwaruhusu watazamaji kuingia piti fainali ikishakwisha. Jumamosi ijayo nendeni na futi kamba. Tafuteni dereva mwenye umbo linalokaribia la binti, muombeni kwa adabu amruhusu akae kitini, na mpime hapo hapo kutoka mgongoni hadi pedeli.