Kisima mita 15 kutoka karo la choo, Jambiani

Kisima kilicho mita 15 tu kutoka karo la choo huko Jambiani si salama kwa kunywa, hata kama maji yanaonekana meupe. Zile mita 30 zinazotajwa kati ya kisima na shimo la choo zinafaa kwenye mchanga au udongo, ambako maji machafu hupita polepole na vijidudu vikanaswa njiani. Jambiani, kama Paje na Makunduchi, vijiji vya pwani ya kusini mashariki mwa Unguja, iko juu ya jiwe la matumbawe: udongo haba, chini yake nyufa na mapango. Maji ya karo yakishapata ufa hayachujwi tena, yanakimbia tu, na masika ndiyo yanazidi. Kwa hiyo hata 30 huko si dhamana. Kisima kiwe upande wa juu wa karo, mbali na bahari, maana maji ya chini kwa kawaida huteremkia pwani (ingawa pampu kubwa inaweza kuyageuza).

Pimisha E. koli (kijidudu kinachoonyesha maji yameingiwa na kinyesi), iwe sifuri katika mililita 100, na naitreti (kemikali inayoweza kutoka kwenye maji ya choo), isizidi miligramu 50 kwa lita, kiwango cha WHO, Shirika la Afya Duniani. Hapa wengi hukosea: klorini au kuchemsha huua vijidudu, lakini naitreti haiondoki, na ukichemsha sana huzidi kukolea kwa sababu maji hupungua. Ikizidi kiwango, maziwa ya unga ya mtoto mchanga msiyakoroge kwa maji hayo.

Kuchimba chini zaidi? Huko pwani mtakutana na chumvi. Afadhali karo lisakafiwe chini, lipigwe plasta ndani, na linyonywe likijaa.