Mti wa Biltmore ni mti halisi

Kwa anayedhani mti wa Krismasi wa Biltmore ni wa plastiki: si plastiki, ndugu. Ule mti mkubwa kwenye ukumbi wa karamu pale Biltmore, jumba la kifahari lililoko Asheville, North Carolina, Marekani, ni msonobari wa aina ya Fraser, unaoota kwenye milima ya huko huko. Una urefu wa mita kumi na ushee, na huletwa mpya kila mwaka. Wafanyakazi huuingiza mzimamzima, kisha huuvuta kwa kamba mpaka usimame. Ukitazama matawi kwa karibu utaona yametundikwa vifurushi vya zawadi vilivyofungwa, si mapambo ya kung'aa tu. Dari lenyewe liko kama mita 21 juu, ndiyo maana kwenye picha mti unaonekana wa kawaida.

Na aliyesema Krismasi ya pale ni mbinu tu ya kuvutia watalii, hapana. George Vanderbilt, tajiri aliyeijenga, aliifungua nyumba hiyo rasmi kwa ndugu na marafiki mkesha wa Krismasi 1895, akiwa bado kapera, na ujenzi haujakamilika. (Chumba cha muziki kilikuja kumalizika 1976!) Watalii walianza kuingia 1930. Kizazi chake ndicho kinachoimiliki mpaka leo.

Mnaokwenda na watoto, angalieni tiketi: ya mchana na ya jioni (ziara ya mwanga wa mishumaa) ni mbili tofauti, na ya jioni ina saa maalumu ya kuingia. Kwa wadogo ningechagua mchana, maana bustani na mashamba yanaonekana pia.