Mzee Akitoka Hospitali, Usimpe Dawa za Mifuko Miwili

Msomaji wa Muheza ameniandikia: baba yake karuhusiwa hospitali na mfuko wa dawa, na nyumbani kuna mfuko mwingine wa tangu kabla hajalazwa. Anauliza ampe za mfuko upi. Ndugu yangu, usimpe za yote miwili kabla hujapata jibu la mtaalamu.

Mama yangu anakaa Makorora, hapa Tanga. Alilazwa kwa presha na moyo, miguu imemvimba. Siku ya kuruhusiwa nikakabidhiwa dawa dirishani, kila moja na kibahasha chake kilichoandikwa 1x1 au 1x2. Nikauliza, "Na zile alizokuwa akimeza nyumbani?" Yule mhudumu hakuinua hata macho. "Dada, fuata karatasi. Anayefuata!" Nayo karatasi ilitaja dawa za kuanza tu, za kuacha haikugusa. Mpaka leo lile "anayefuata" linanichoma, maana swali langu ndilo lilikuwa swali lenyewe.

Jioni nikamwaga kila kitu kwenye sinia. Mama huweka dawa kwenye kopo la biskuti, pamoja na vifungo vya nguo na risiti za LUKU. Mle mlikuwa na vidonge vya Furosemide, miligramu 40. Kwenye kibahasha kipya kulikuwa na kipande cha pakiti kimeandikwa Lasix. Nikakigeuza, nikakisogeza kwenye taa: chini ya neno Lasix, kwa herufi ndogo, furosemide. Dawa ni ile ile, ya kutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo, ila moja imebeba jina la biashara ililopewa na kampuni. Angemeza zote mbili, angekojoa mpaka akaukiwe maji, presha ishuke, na usiku akiinuka kwenda msalani kizunguzungu kimwangushe. Na mzee akianguka akavunjika nyonga, mnajua wenyewe.

Shangazi zangu walisema nambania mama dawa, najifanya daktari. Iliniuma sana. Asubuhi nikakodi bajaji, nikapeleka kopo zima kwa mfamasia mjini pamoja na karatasi ya hospitali. Akazipanga mezani moja moja, akampigia simu daktari, wakakubaliana: furosemide ya zamani iwekwe kando. Akatoa na diclofenac, ambayo mama hujinunulia duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya magoti. Dawa hiyo hupandisha presha, hufanya mwili ushike maji, na ikikutana na Lasix na losartan, dawa ya presha ambayo naye anameza, huzielemea figo, na figo za mzee zimeshachoka. "Na magoti yangu je, mwanangu?" mama akauliza nilipomweleza. Akapewa paracetamol. Shangazi siku hizi wananiletea pakiti zao niwasomee.

Hili si la familia yangu peke yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza madhara ya dawa, na kati ya mambo matatu lililoyapa uzito, mojawapo ni mgonjwa anapohama kutoka mkono mmoja wa huduma kwenda mwingine, na jingine ni kumeza dawa nyingi kwa pamoja. Mzee anayetoka wodini ana yote mawili.

Kwa hiyo sisi tunaotaka wazazi wetu wazeeke salama, tuache kuona haya kuuliza. Uliza za kuacha kama unavyouliza za kuanza. Orodha iwe moja, ibandikwe ukutani: jina lililo kwa herufi ndogo, kazi yake, saa yake. Mtoaji awe mmoja, si kila mjukuu na kidonge chake. Mitishamba nayo itajwe, usiifiche. Na mzee akitaka kufunga Ramadhani, ratiba ipangwe na daktari mapema. Halafu narudia: orodha iwe moja. Wala usimwachishe dawa ya presha kwa kuwa leo kaamka vizuri.

Wewe wa Muheza, beba mifuko yote miwili leo hii. Ukimwona baba anapepesuka akisimama, kachanganyikiwa ghafla, mkojo umepungua au choo kimekuwa cheusi, usingoje tarehe ya kliniki. Mrudishe hospitali, na mifuko yako mkononi.