Barua kwa mwanangu: wanane bila kondakta

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Jinja. Umeniuliza mambo mawili: ninyi wanane mliotoka katika okestra yenu hapo Kampala mkitaka kupiga Okteti (utunzi wa ala nane) ya Schubert muanzie wapi, na kwa nini hamuingii pamoja ilhali okestrani mnaingia sawasawa.

Nianze na la pili, maana ndilo linalowakwamisha. Okestrani mmezoea kumtazama kondakta (wa muziki, si wa teksi), kisha kungoja kidogo sauti ya jirani ndipo mwingie. Fidla kumi zikichelewa pamoja hakuna anayegundua. Hapa kila mtu ana sehemu yake peke yake, na kungoja huko kunasikika hadi mlangoni. Dawa ni pumzi. Anayeongoza avute pumzi kwa urefu wa pigo moja, kwa mwendo uleule mtakaoanza nao, na wote wavute naye, hata wa nyuzi. Akivuta polepole halafu akaanza kwa kasi, mtaingia vipande vipande, na hilo ni kosa lake. Wala fidla ya kwanza isiongoze kila mahali. Wimbo wa sehemu ya pili, ile ya polepole, unafunguliwa na klarineti, ala yako ya pumzi, hapo wakufuate. Sehemu ya mwisho inaanza kwa mtetemo wa selo (ala ya nyuzi kubwa kuliko fidla), basi selo ndiye mwenye saa.

Kaeni nusu duara. Kushoto kwa msikilizaji fidla ya kwanza, ya pili, viola, selo; besi kubwa katikati nyuma; kisha ala za pumzi: horni, basuni, na klarineti pembeni kulia ikitazamana na fidla ya kwanza. Mdomo wa horni unatazama nyuma, kwa hiyo msiisogeze karibu na ukuta mtupu, itawameza wote.

Sauti: pasha klarineti dakika kumi kabla, halafu wa nyuzi wajilinganishe nawe, si wewe nao, kwa sababu wao wana vigingi vya kukaza na wewe una nafasi ndogo tu ya kuvuta pipa, kile kipande kifupi chini ya mdomo wa klarineti. Ukumbi ukipata joto, ala za pumzi zinapanda na nyuzi zinashuka, kwa hiyo rekebisheni tena katikati ya onyesho bila aibu. Kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ikisikika chafu, ijengeni kutoka chini: besi na selo washike noti ya msingi, kisha ya tano juu yake katika skeli, mwisho ya tatu. Katika kodi ya meja, mwenye noti ya tatu aishushe kidogo, kama sehemu 14 katika 100 za nusu toni, kuliko kipimo cha piano. Wapiga piano wengi hawaamini hilo mpaka walisikie.

Okteti ina sehemu sita na inachukua kama saa nzima. Mazoezi ya saa tatu yanatosha sehemu mbili. Msiipige yote kila siku. Angalia noti zako mapema: sehemu ya nne imeandikiwa klarineti ya C (herufi hiyo ni noti inayosikika ukipiga C iliyoandikwa). Ukiwa na ya B bemoli pekee, panda toni moja, na ujizoeze nyumbani, si mbele ya wenzako.

Kuhusu kuanzia wapi: ratiba ya okestra ndiyo itakayowavunja, si muziki. Wachezaji wa selo wa Berlin Philharmonic, okestra ya Ujerumani, walipojikusanya 12 mwaka 1972, nyimbo za selo 12 zilikuwa chache mno, ikabidi waandikiwe mpya. Ninyi mna bahati: watu wenu wanagawanyika. Horni akiugua, wanne wa nyuzi na wewe mnaweza kupiga kwinteti (utunzi wa ala tano) ya Mozart, namba K. 581 katika orodha ya kazi zake, ya mwaka 1789, lakini hiyo inataka klarineti ya A, itafute sasa. Kwinteti hiyo iwekeni tayari tangu mwanzo. Ombeni ruhusa kabla ya kutumia jina la okestra, na mkubaliane mgawo wa pesa kabla ya onyesho la kwanza.

Noti zenu zibaneni kwa vibanio vya nguo pande zote mbili, maana kumbi nyingi huacha madirisha wazi, na kila stendi iwe na taa yake ya betri endapo umeme utakatika.

Mama yako