Kuhama au kubaki? Maswali yenu na majibu

Maswali ya kuhama yamekuwa mengi, nimechukua yale yanayojirudia sana.

Nimepata ofa ya kazi mbali, mshahara unapanda kama theluthi hivi, mbona bado nasitasita?

Kwa sababu hujapiga hesabu ya mwisho kaka. Andika mshahara wa huko ukishakatwa makato yote, toa kodi ya nyumba, nauli, ada za watoto, halafu toa na hela ya kurudi kusalimia nyumbani, hiyo wengi wanaisahau kabisa mpaka kuwe na mgonjwa au msiba ndo wanaanza kukopa. Kinachobaki ndo mshahara wako, sasa linganisha na kinachobaki sa hivi. Na kama mwajiri anakulipia gharama za kuhama soma mkataba vizuri, wengine wanaweka kipengele kwamba ukiacha kazi mapema unazirudisha.

Mke wangu ana kazi nzuri hapa, akinifuata ataiacha. Nimwambieje?

Muulize kwanza yeye anaonaje, kabla hujakubali chochote. Anayefuata ndo anaumia zaidi jamani, wewe siku ya kwanza unakuta ofisi na wenzako, yeye anabaki na nyumba tupu na maboksi. Aanze kutuma maombi ya kazi huko mapema, na kama kazi yake inahitaji leseni au usajili aulize kama unatambuliwa huko, walimu, manesi na wanasheria wanaweza kukwama hapo. Wewe kutangulia miezi michache sio vibaya ila wekeni tarehe ya kuungana, mkiiacha hewani inageuka ndoa ya simu.

Nimechoka na huku, nataka tu niende sehemu yenye hali ya hewa nzuri nianze upya.

Pole sana dada, uchovu wako nauamini. Ila mwaka 1998 watafiti David Schkade na Daniel Kahneman walitoa matokeo ya utafiti wao kwa wanafunzi wa California, kwenye jua na hali ya hewa nzuri, na wa Midwest, majimbo ya katikati yenye baridi kali, kule Marekani, na watu wa pande zote mbili walitabiri kwamba wa California wanaridhika zaidi na maisha, lakini kila upande ulipojipima wenyewe kuridhika kulikuwa sawa tu. Yaani ukiwaza sehemu mpya unaona jua, huoni bili wala foleni. Kwa hiyo andika kila kinachokuchosha, halafu tenganisha. Bosi mkali, kelele za jirani, safari ndefu ya kazini, hivyo vinabaki ukiondoka. Madeni, ugomvi na ndugu, kukosa usingizi, hivyo unapanda navyo gari. Kama vinavyobaki ndo vingi, nenda tu mpendwa, usisubiri ruhusa ya mtu.

Mtoto mkubwa yuko mwaka wa mtihani, tuhame?

Subirini amalize. Ikishindikana abaki kwa ndugu mnayemwamini, huyo mdogo mhamisheni mwanzo wa mwaka wa shule.

Nyumba yangu ya hapa niuze nikanunue huko?

Mwaka wa kwanza hapana, hapo sibadilishi msimamo. Hii pangisha, na huko kapange kwanza. Watu wanaenda likizo, wanapapenda, wanarudi kuuza kila kitu, kumbe walipaona msimu mzuri tu. Wewe nenda ule msimu mbaya kuliko yote, kaa hata wiki mbili, amka saa ya kwenda kazini uone barabara inapitikaje, uone maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, uone intaneti ikoje usiku watu wote wakiwa nyumbani, ulizia hospitali iliyo karibu ina nini. Wapangaji watakwambia ukweli kuliko dalali.

Nilishahama, ni miezi mitatu na sina hata rafiki mmoja. Nilikosea?

Bado mapema sana. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa utafiti 2018, akakuta inahitajika kama saa 50 za kuwa pamoja ili mtu mnayejuana tu awe rafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kwa rafiki wa karibu. Sasa mtu unayemuona saa mbili kwa wiki, hizo 50 peke yake ni karibu nusu mwaka! Tafuta kitu kinachojirudia na watu walewale, kwaya, mazoezi, darasa, chochote, sherehe za mara moja moja hazisaidii sana. Na simu za nyumbani zipunguze kidogo jioni, maana ndo saa ambayo majirani zako wana nafasi.