Maswali ya Wasomaji: Skripti imekufa, watoto wake bado wanakimbia

SWALI: Skripti yangu kwenye Linux huanzisha kazi nne za kubana video kwa alama ya &, kisha husubiri kwa wait. Nikiipiga kill, skripti inakufa lakini zile kazi nne zinaendelea kula prosesa. Nizizimeje zote kwa mara moja?

JIBU: Ukiipa kill namba ya skripti (PID), tuseme 4200, ishara inakwenda kwa mchakato 4200 peke yake. Watoto hawaguswi, mzazi akishakufa huchukuliwa na mchakato mwingine, kwa kawaida namba 1, na kazi yao inaendelea. Wewe unapaswa kulenga kundi. Kila mchakato una namba ya kundi, PGID, na mtoto huirithi kwa mzazi. Itazame kwanza:

ps -eo pid,ppid,pgid,sid,comm

Skripti iliyoanzishwa kwa mkono kwenye teminali hupewa kundi lake, hivyo PGID yake ni sawa na PID yake. Basi andika:

kill -TERM -- -4200

Alama ya kutoa ndiyo inayosema "kundi zima". Usiache kutaja ishara, maana kill -4200 husomwa kama namba ya ishara, si kundi. Tumia TERM (ombi la kufunga), si INT (ishara ya Ctrl+C): kazi zinazoanzishwa kwa & ndani ya skripti huwekewa na sheli agizo la kupuuza INT, na nyingi hubaki hivyo. Subiri sekunde 10 hivi faili zifungwe vizuri, ndipo upeleke KILL (ishara isiyoweza kupuuzwa) kwa waliobaki.

Hatari kubwa iko hapa: skripti ikiitwa na skripti nyingine, kwa kawaida zote mbili huwa kundi moja, na utamuua hata aliyeiita. Ndani ya skripti hiyo ya juu, ianzishe kwa setsid, amri inayoipa kundi jipya, hivi: setsid ./bana.sh & kisha hifadhi $! (PID ya kazi ya nyuma iliyoanzishwa mwisho) papo hapo, namba hiyo ndiyo PGID mpya. Kabla ya kuitumia hakikisha si 0 wala 1. Kill yenye -1 hupeleka ishara kwa kila mchakato unaoruhusiwa kuugusa, na ukiwa root hiyo ni karibu mashine nzima.

Ukitaka skripti ijisafishe yenyewe, weka juu kabisa trap, yaani amri ya kutekelezwa ishara ikifika:

trap 'trap - TERM; kill 0' TERM

Kill 0 hulenga kundi lako mwenyewe, nawe ukiwemo. Ndiyo maana trap inaondolewa kwanza, la sivyo skripti itajiita tena na tena.

SWALI: Nimepeleka KILL kwa kundi, mchakato mmoja umebaki. Kwa nini?

JIBU: Angalia safu ya pgid. Mara nyingi mchakato huo uliita setsid ukahama kundi, kama zinavyofanya programu nyingi za huduma. Kundi haliwezi kumzuia anayehama, cgroup (kundi la michakato linalosimamiwa na kerneli, kiini cha Linux) inaweza. Kwenye kerneli 5.14 na kuendelea, yenye cgroup v2, andika 1 kwenye faili cgroup.kill ya cgroup husika. Kama pgid ni ileile lakini hali yake (safu ya stat kwenye ps) ni D, unangoja diski au mtandao ndani ya kerneli, na KILL itafanya kazi ungojaji huo ukiisha.